Kompyuta ya Nne Inakoroma Stoo

Kitu cha kwanza nilichokigundua kilikuwa kofi.

Si kofi la kumpiga mtu. La meza. Kila nilipoiwasha ile kompyuta kuukuu ya stoo, haukupita muda, upande wa pili wa ukuta mtu aliizaba meza kofi, pa! Kisha ikafuata sauti ya Mzee Miwani: "Imenitupa tena!"

Nikadhani ni mambo yake na meza yake. Watu wazima wana ugomvi wao na fanicha, mtoto wa watu usiingilie.

Mlionikuta leo tu, msihangaike kutafuta magazeti ya nyuma. Mengi yameshafungiwa karanga. Mimi ni yule msichana aliyefukuzwa saluni kwa kuona haya kumwambia mteja kwamba kichwa chake kinatoa moshi. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, akanihurumia, akaniombea kazi anakofanya yeye, kwa Mama Uzi, wanakodarizi nembo za sare. Na mara ya mwisho mliniacha nimefungiwa stoo mchana kutwa, naona haya kugonga mlango kwa sababu wenzangu huko nje walikuwa wanakula.

Basi, nilifunguliwa. Dada wa Oda aliingia kuchukua uzi mwekundu, akanikuta nimekaa gizani kimya, akapiga yowe hadi barabarani wakasikia. Mimi ndiye niliyemwomba radhi.

Lakini humo stoo sikukaa bure. Humo ndimo nilimokutana na kompyuta.

Ofisi ya Mama Uzi ni vyumba viwili na hiyo stoo. Chumba cha mbele kuna Dada wa Oda, anapokea wateja na kuwaonyesha picha za nembo kwenye kompyuta yake. Karibu na dirisha kuna Mzee Miwani, mchoraji, na kompyuta yake. Chumba cha pili kuna mashine ya kudarizi, nayo ina kompyuta inayoiambia sindano ishuke wapi. Hapo ndipo alipo Binamu.

Nyuma ya Binamu, kwenye kibao, nipo mimi na mkasi. Nembo ikitoka mashineni naigeuza, nakata nyuzi zinazoning'inia. Kwa hiyo ulimwengu wa nembo naujua kwa mgongo. Simba kwa mbele ana meno. Kwa nyuma ana mafundo tu, maskini, kama sisi wengine.

Hiyo kompyuta ya stoo ilikuwa ya Mzee Miwani kabla hajanunuliwa mpya. Mama Uzi hatupi kitu. Alinishika mkono wiki yangu ya kwanza, akaniambia:

"Kimya," ndivyo wanavyoniita, "kitu kisipowashwa kinakufa. Kila asubuhi ukimaliza kufagia, iwashe hii ipate joto kidogo, halafu izime."

"Ndiyo, Mama."

"Marehemu mume wangu alikuwa na gari. Tuliliwasha kila siku kwa miaka."

"Liko wapi sasa, Mama?" Nilishangaa mwenyewe kuuliza.

"Halikuwa na magurudumu," akasema. "Lakini lilikuwa na afya."

Nikawa naiwasha. Ilikuwa na feni ndani yake iliyokoroma kama mjomba aliyeshiba. Ikishaamka, ile programu ya kuchorea nembo ilijifungua yenyewe, kama mlango usio na komeo. Nilitakiwa niiache ipate joto, niizime.

Siku za mwanzo niliitazama tu. Kisha nikaweka nukta. Nukta ikaomba mwenzake. Mstari ukaomba kona. Nilipokuja kushtuka, nilikuwa na mviringo wenye mdomo, na nikajua huyu ni kuku.

Sikumwambia mtu. Joto la dakika chache likawa joto la asubuhi nzima.

Huku nje, nyumba ilikuwa inawaka moto.

Ilianza hivi. Mzee Miwani hufika kabla ya wote, kwa hiyo hufungua programu wa kwanza. Nikiwasha ya kwangu, yeye anatolewa. Anapiga meza kofi. Anaingia upya. Akiingia, picha kwa Dada wa Oda inatoweka mbele ya mteja. Dada wa Oda naye hakubali kushindwa, anaingia upya. Na yeye akiingia, mashine ya Binamu inakufa sindano ikiwa hewani, simba akiwa hana taya.

Nayajua haya leo. Wakati ule nilichosikia ni sauti tu.

"Mzee, umenitoa makusudi!" Dada wa Oda alipaza sauti. "Mteja alikuwa ameshaipenda!"

"Mimi? Mimi nimetupwa kabla yako!"

"Umetupwa na nani?"

"Nitajuaje? Ninyi vijana mnabonyezabonyeza kama mnakuna upele."

"Mzee Miwani, heshima!"

"Jamani," Binamu akaita kutoka chumba cha pili, "mnagombana, na mimi hapa nina simba kibogoyo."

Mama Uzi akachoka. Akampigia simu aliyemuuzia programu, akaiweka spika ili sote tusikie. Yule mtu alikuwa anatafuna kitu.

"Mama, hakuna ubovu," akasema. "Leseni yenu ni ya kompyuta tatu kwa wakati mmoja. Ikiingia ya nne, iliyotangulia inatolewa kuipisha."

"Ya nne ipi? Tuna tatu. Nimezihesabu na vumbi lake."

"Huku naiona ya nne, Mama. Inaingia kila asubuhi."

"Iko wapi?"

"Iko wapi sijui. Inaingia tu." Akameza. "Pengine mlimpa mtu namba zenu za siri za programu. Sisi tunayaona haya kila siku. Mfanyakazi anampa rafiki, rafiki anafanyia kazi za bure."

Mkasi ulinianguka.

Nyumbani tulilala watoto wanne kwenye kitanda cha watatu. Wa ukutani akijigeuza, wa pembeni anaamkia sakafuni. Hakuna haja ya mtu kunieleza zaidi. Nilielewa papo hapo ni nani aliyekuwa anajigeuza.

Mtaniuliza: kwa nini hukusema pale pale?

Nitawajibu kwa haki. Kuku hakuwa na bawa la kushoto.

Nikajiambia, kesho nammalizia bawa, kisha nasema. Bawa moja tu. Nani atakufa kwa bawa?

Kesho yake nikaingia stoo nikiwa na ufagio mkononi, ili nionekane nafagia. Nikawasha. Feni ikakoroma. Pa! Mzee Miwani na meza yake. Moyo uliniuma kidogo, lakini bawa lilikuwa linaniita. Nililichora polepole, nikizilaza nyuzi zake upande mmoja jinsi nilivyoziona zinavyolala nyuma ya vitambaa. Lilipokamilika nikarudi nyuma kumtazama.

Alikuwa ananitazama na yeye.

Juu kabisa ya kioo kulikuwa na kijipicha cha sindano. Sikuwahi kukigusa. Siku hiyo nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha mikono yake haina adabu. Nikakibonyeza.

Chumba cha pili mashine ikaamka. Tiki-tiki-tiki-tiki.

Kumbe waya wa zamani uliotoka stoo kwenda kwenye mashine haukuwahi kukatwa. Na kumbe Binamu alikuwa ameshatandika sweta la shule chini ya sindano, akisubiri Mzee Miwani aingie upya amletee simba. Na kwa kuwa anasubiri, akatoka mara moja kwenda kwa jirani.

Nilibonyeza kila kitu nilichokiona ili mashine isimame. Ilisimama ilipomaliza.

Nilitoka stoo mbio, nikachelewa. Binamu alikuwa amerudi, na bila kutazama alikuwa ameshalichomoa sweta, analipeleka mbele. Mwalimu Mkuu mwenyewe alikuwa kaunta, amekuja kuona sampuli.

"Hii hapa, Mwalimu," Dada wa Oda akasema, akilikunjua kwa tabasamu lake la wateja. "Simba wenu."

Mwalimu Mkuu akalisogeza sweta karibu na macho.

"Huyu," akasema, "ana kishungi."

"Ni manyoya ya shingo hayo, Mwalimu."

"Ana mdomo."

"Simba wote wana..."

Dada wa Oda akatazama. Tabasamu lilimtoka usoni kidogokidogo, kama maji kwenye beseni lililotoboka.

"Dada," Mwalimu Mkuu akasema kwa upole wa kutisha, "shule yangu inaitwa kwa jina la simba. Wimbo wetu ni wa simba. Nikiwapeleka watoto uwanjani na huyu kifuani, wapinzani watatutupia mtama."

Mama Uzi akatokea, akaomba radhi mara saba, akampa Mwalimu kiti ambacho hakukikalia. Alikubali kurudi alasiri. Alasiri, si kesho.

Mlango ulipofungwa, Mama Uzi akalitandaza sweta juu ya kaunta. Tukalizunguka wote.

"Nani?" akauliza.

Mama Uzi akamwelekezea kuku kidole.

"Huyu kuku ananitazama kama mawifi zangu. Nani amemchora?"

Mzee Miwani akainama. Akasogeza miwani juu, akaishusha, akapitisha kidole kwenye sweta.

"Miguu kaikosea," akasema. "Vidole vitano, kuku gani huyu? Ni kuku au ni mkunga?" Kisha kidole kikafika kwenye bawa. "Lakini bawa... Njoo uone, Mama. Bawa limelala. Uzi umekwenda na manyoya. Huyu si mtu wa kujaribujaribu. Huyu ni mtu wa uzi."

Msomaji wangu, mimi sikuwahi kusifiwa na mtu mzima mbele ya watu. Masikio yaliniwaka moto. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikufanya hata kimoja, nikashika mkasi.

"Mtu wa uzi," Mama Uzi akarudia taratibu. Macho yake yakaenda dirishani, yakavuka barabara, yakatua kwenye kibanda cha jirani, yule mzee anayeshona kofia. "Mtu wa uzi. Mwenye kompyuta ya nne. Aliyepewa namba zetu na mfanyakazi wangu."

Kisha macho yakarudi, yakatua kwa Binamu.

"Wewe kila siku unakwenda kufanya nini kwa Mzee Kofia?"

"Mimi, Mama? Kusalimia."

"Kusalimia! Mtu anasalimiwa mara nne kwa siku? Ni mgonjwa?"

"Hapana, Mama."

"Unampelekea nini?"

"Salamu tu."

Nilijua anachopeleka. Mzee Kofia ana binti, na binti ana vishimo mashavuni, na Binamu tangu avione amekuwa mtu wa kusalimia sana. Lakini angesema nini? Mahari haijasemwa, baba mtu hajui, na baba mtu ana mkasi mkubwa kuliko wangu.

"Sijampa mtu namba, Mama," Binamu akasema. Sauti ilikuwa imempungua. "Haki ya Mungu."

"Basi nieleze ulikuwa huko kufanya nini wakati kuku anashonwa kwenye mashine yako."

Binamu akatazama viatu vyake.

"Lete funguo za ofisi," Mama Uzi akasema. "Mwalimu akirudi alasiri nataka nimwambie aliyemfanyia haya hayupo tena."

Hapo mambo yakawa wazi kama kiganja. Nikinyamaza, Binamu aliyenitoa jangwani anapoteza kazi kwa kosa langu. Nikisema, kompyuta inazimwa leo, na sitaigusa tena maisha.

Nilikohoa.

"Mpeni maji," Mama Uzi akasema bila kugeuka.

Nikapewa maji. Nikanywa.

"Mama," nikasema.

"Na ukimaliza glasi uirudishe, zinapotea."

"Ndiyo, Mama."

Nikairudisha glasi. Ndiyo hali yangu, msinicheke. Maneno yanajipanga vizuri kabisa kifuani, yakifika kooni yanaanza kupishana mlangoni, wewe tangulia, hapana wewe tangulia, mpaka mtu anaondoka.

Binamu alikuwa anachomoa funguo kwenye kishikizo, moja moja, kama anang'oa meno.

Nikaona mdomo umenishinda, ngoja mkono useme. Nikaingia stoo. Nikawasha. Nikasema moyoni: sasa wataona. Binamu amesimama mbele yao, mikono yake ina funguo, na bado mtu atatupwa. Watamwacha.

Feni ikakoroma. Programu ikajifungua.

Pa!

"Imenitupa!" Mzee Miwani akafoka. "Mama, sasa hivi! Imenitupa sasa hivi!"

"Mnaona!" Mama Uzi akasema kwa ushindi. "Huyu yuko hapa, kwa hiyo ni yule kule! Anafanya mbele ya macho yetu! Jirani! We Mzee Kofia!"

Nilishika kichwa. Mama Uzi alikuwa ameshafika mlangoni, anaita barabara nzima isikie.

Mzee Kofia akavuka na sindano mdomoni na kofia isiyo na ukingo mkononi.

"Kuna nini? Kuna msiba?"

"Msiba umeuleta wewe! Zima kompyuta yako!"

"Kompyuta yangu?" Akatoa sindano mdomoni ili ashangae vizuri. "Mama Uzi, mimi nina cherehani. Naikanyaga kwa mguu. Umeme wenyewe nilionao ni taa moja."

"Huyu kuku si wako?"

Akaonyeshwa sweta. Akalitazama.

"Sijashona kuku tangu nizaliwe. Mimi ni mtu wa kofia. Kuku atavaa wapi kofia?"

"Inanitupa tena!" Mzee Miwani akalia. Alikuwa anaingia na wenzake wanaingia, kila mmoja anamwangusha mwenzake, na mimi humo ndani sijui kama nizime au niache, nikaacha.

"Mzee Kofia yuko hapa amesimama," Dada wa Oda akasema polepole, "na bado tunatupwa."

Wakanyamaza. Nasema kweli, ofisi nzima ilinyamaza, na mtu wa kwanza kusema alikuwa Mzee Kofia, aliyekuwa mgeni humo na masikio yake hayajazoea.

"Samahanini," akasema. "Nani anakoroma?"

"Hakuna anayekoroma."

"Yupo. Huko ndani. Mna mtu amelala?"

Wakasikiliza. Nikasikia hatua. Mlango wa stoo ukafunguliwa, na wote watano wakanitazama: Mama Uzi mbele, Mzee Miwani juu ya bega lake, Dada wa Oda chini ya mkono wake, Binamu na funguo, Mzee Kofia na sindano.

Mkono wangu ulikuwa kwenye kipanya.

"Kimya?" Mama Uzi akasema.

Nikafungua mdomo. Maneno yakaanza kupishana. Wewe tangulia.

"Hiyo ndiyo ya nne," nikasema. "Si Binamu. Ni hii. Ni mimi ninayeiwasha."

Yalitoka! Yalitoka yote, tena kwa mpangilio.

Mama Uzi alishika kiuno. Nikasubiri radi. Alitazama kompyuta, akanitazama mimi, akatazama dari. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Na nani alikuagiza uiwashe?"

"Wewe, Mama."

"Ipate joto?"

"Ndiyo, Mama."

Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la vitambaa. Mzee Miwani akacheka, Dada wa Oda akajifuta macho na sweta la kuku. "Gari lisilo na magurudumu," Mama Uzi alikuwa anasema kati ya pumzi, "limenigonga mwenyewe!"

Binamu hakucheka. Alikuja akaniegemea begani, tukiwa nyuma ya wengine.

"Mke wangu," ndivyo tunavyotaniana mabinamu, "umeniokoa. Ingawa umechelewa kama basi la kijijini."

"Nilikohoa," nikasema.

"Nilisikia. Nikadhani ni mafua."

Funguo zikarudi kwenye kishikizo. Na kuku? Hakuna aliyeuliza. Mama Uzi alijibu mwenyewe: "Hicho kitakuwa kichoro cha zamani kilichobaki humo, kikajituma chenyewe." Mzee Miwani akasema ndiyo, pengine alikichora yeye zamani kabla macho hayajaharibika, hata bawa anaanza kulikumbuka.

Anaanza kulikumbuka!

Mngeniona hapo, mngesema huyu msichana ana bahati. Binamu amepona. Bosi anacheka. Kosa limemwangukia aliyetoa amri. Lililobaki ni mimi kurudi kwenye kibao changu na mkasi, hadithi iishe, mhariri atafute mwingine.

Ndipo Mama Uzi akasimama, akajipangusa, akaona aibu mbele ya jirani aliyemtukana barabara nzima ikisikia.

"Mzee Kofia, nimekukosea. Nitakusafishaje?"

"Yameisha, mama."

"Hayajaisha. Wewe huna kompyuta. Mimi ninayo moja inayonivurugia nyumba. Chukua hii."

"Niifanyie nini?"

"Itakupa joto."

"Binti yangu," Mzee Kofia akasema akijikuna kidevu, "amekuwa akitamani kujifunza."

Sijawahi kumwona Binamu akifanya kazi kwa kasi namna ile. Alikuwa ameshapiga magoti chini ya meza kabla mzee hajafunga mdomo.

"Nitaipeleka mwenyewe, Mzee! Nitaifunga. Nitakuja kila siku kumwelekeza, hata mara mbili kwa siku. Usiwe na wasiwasi kabisa."

Haya ndiyo malipo ya kumwokoa ndugu. Akaizima. Feni ikakata roho. Akaikumbatia ile kompyuta kifuani kama mtu aliyepewa mtoto, akaelekea mlangoni.

Hakufika. Waya wa umeme ulikuwa umekazana, na mwisho wake mwingine ulikuwa mkononi mwangu. Sikumbuki nilivyoushika.

"Achia, mke wangu."

Sikuachia.

"Kimya, achia waya," Mama Uzi akasema. "Mwalimu anarudi, nataka simba."

"Kuku ni wangu," nikasema.

"Kuku gani?"

"Wa sweta. Nimemchora mimi. Na vidole ni mimi niliyevikosea."

Mzee Miwani aliacha kukumbuka. Akavua miwani yake, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena, akanitazama mimi na si waya.

"Na bawa?" akauliza.

"Na bawa."

"Nani kakufundisha kulaza uzi?"

"Nakata nyuzi kwa nyuma kila siku, Mzee. Huko nyuma kila kitu kinaonekana."

Mama Uzi hakuwa anacheka tena, wala hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayepima kitambaa.

"Unataka nini, mwanangu?"

"Nataka kuchora."

Nilipolisema, nilishangaa jinsi lilivyo fupi.

"Sawa, unataka kuchora," Mama Uzi akasema. "Lakini umesikia mwenyewe. Nafasi ni tatu. Nyingine sitanunua, nimeapa. Nikikuingiza wewe, kuna mtu anatoka. Haya, niambie." Akawaonyesha kwa mkono. "Atoke nani?"

Mzee Miwani alirudi nyuma mpaka dirishani, mgongo ukalinda kompyuta yake. Dada wa Oda alikimbilia kaunta, akaweka viganja vyake viwili juu ya vibonyezo kama mtu anayezuia kuku wasidonoe unga. Binamu alikuwa karibu na mlango na mzigo wake kifuani, jasho linamtoka, macho yake yananiomba.

Swali hilo nalijua. Nyumbani tulikuwa wawili wa kwenda shule, mimi na mdogo wangu, na sare ilikuwa moja. Nikiwa darasa la tano sketi ilinibana, yeye ikamkaa. Hakuna aliyeniuliza kitu. Niliivua mwenyewe asubuhi, nikaikunja, nikaiweka kitandani kwake, nikaenda kuchota maji. Mama akasema nina moyo mzuri. Tangu siku ile, popote nafasi zilipopungua, kwenye benchi, kwenye sahani, kwenye picha ya harusi, nilisimama kabla ya kuambiwa, na watu wakanisifu kwa upole wangu.

Haukuwa upole, jamani. Nilikuwa na hasira tangu ile asubuhi, na sikumwambia hata Mungu.

Wote walikuwa wananingoja. Waya ulikuwa mkononi.

"Atakayetoka simjui, Mama," nikasema, na Mzee Kofia aliyekuwa ametangulia barabarani alisimama akageuka. "Mimi sitoki."